Jiwe la Njano

Wazazi wake walimpa jina la Kemilembe, ambalo kwa Kihaya ni jina la mtu wa amani, mtu aliyetulia. Jina halikumshika. Tangu utoto wake kule Bukoba alikuwa mtu wa kuinuka-inuka. Ukimkalisha asuke ukili wa mkeka, kabla hajafikisha shubiri moja utamkuta mlangoni anachungulia ni nani anayepita njiani. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu kazaliwa na siafu kwenye nyayo.

Alipoolewa na Mwalimu Anatory, watu walidhani atatulia. Anatory alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye kuongea polepole kama anayeandika ubaoni. Hawakukaa sana nyumbani. Mwalimu alipangiwa kazi Nyamabwe, kijiji cha ujamaa kilichoanzishwa juzijuzi tu kwenye ufuko wa ziwa, upande wa Misungwi. Wakashuka melini Mwanza na kitanda chao na kreti la vitabu, wakapata lori la pamba lililokuwa linarudi tupu, wakafika kijijini wametapakaa vumbi hadi kwenye kope.

Nyumba za Nyamabwe zilikuwa zimepangwa mistari kama madawati. Nyasi za mapaa zilikuwa bado zinanukia shamba, na ndani ya nyumba hizo walikaa watu ambao mwaka uliotangulia walikuwa na miji yao huko vilimani, na ambao jioni bado walizigeuza nyuso zao upande ule. Hakuna aliyejiona mwenyeji. Pengine ndiyo maana hawakumshangaa sana yule mke wa mwalimu aliyekuwa haishi kuzunguka. Asubuhi utamwona kisimani, baadaye kidogo yuko kwenye mwalo wanakoshukia wavuvi, jua likipanda yuko juu ya majabali anaangalia moshi wa meli ya Bukoba ukiyeyuka kwa mbali. Kila alipouona moshi ule kifua kilimpanda. Hakuwa anataka kurudi nyumbani hasa. Alitaka tu kuwa kwenye kitu kinachokwenda.

Mawe ndiyo yaliyomvuta. Ufuko mzima ulikuwa majabali matupu, mengine makubwa kuliko nyumba, yamepandana kana kwamba yalimwagwa. Chini, mawimbi yanapopiga, yalikuwa meusi tii kama masufuria ya msibani. Juu kidogo yalikuwa ya kijivu, yamefunikwa na kitu kikavu kilichojikunja kingo kama karatasi iliyoponea motoni. Na kwenye vilele vichache, pale walipotua mnandi, wale ndege weusi wa ziwani, na kuacha kinyesi chao, palikuwa na njano kali iliyoiva kama kiini cha yai.

Wanakijiji waliyaita magamba ya mawe. Siku moja Kemilembe alibandua kipande, akampelekea mumewe shuleni.

"Hii ni nini, Mwalimu?"

Anatory alikigeuza kiganjani. "Si majani, na si udongo. Ni viumbe wawili wanaoishi pamoja kama mke na mume, kuvu na mwani. Mmoja anajenga nyumba, mwenzake anapika."

"Na wanakaa hapohapo siku zote?"

"Siku zote. Gamba lenye ukubwa wa kiganja chako huenda lilikuwapo kabla hujazaliwa."

Kemilembe alicheka. "Maskini wa Mungu! Hata kutembea hawatembei."

Kijijini kulikuwa na kikundi cha akina mama cha kusuka mikeka na vikapu vya ukindu. Kiongozi wao alikuwa Dorotea, mke wa mvuvi Ngosha, mama wa makamo mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo. Kemilembe alijiunga nao ili apate pa kupeleka mikono yake. Lakini mwaka ule rangi za kupikia ukindu ziliadimika. Madukani Misungwi hazikuwapo, Mwanza hazikuwapo, na mikeka ikawa inatoka myeupe mitupu, haina mtu wa kuitazama mara mbili.

Siku moja Kemilembe alikuwa ziwani anasugua sufuria lililoungua. Mchanga ulikuwa mbali na mahali alipochuchumaa, na yeye hakutaka kuufuata, akachukua konzi ya magamba ya kijivu akasugulia. Katikati ya kazi akasikia ngoma kijijini, akaliacha sufuria juani na maji yake, akaenda kuangalia. Alilikumbuka kesho yake. Alipolirudia, maji yalikuwa mekundu-kahawia kama chai ya rangi, na kitambaa cheupe cha kufutia alichokuwa amekisahau humo kilikuwa kimeshika rangi. Akakisuuza ziwani. Rangi haikutoka. Akakifikicha, akakipiga kwenye jiwe. Rangi ilikuwa palepale.

Alikimbia hadi kwa Dorotea na kitambaa kinachuruzika maji.

"Shikamoo mama. Tazama!"

"Marahaba. Kwanza keti."

"Siketi. Tazama kwanza!"

Basi wakachemsha magamba kwenye pipa, wakatumbukiza ukindu, na kikundi kikapata rangi yake. Mikeka ya Nyamabwe ikaanza kusemwa. Kazi ya kukwangua mawe ilikuwa ya Kemilembe, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alikuwa na kazi iliyomtosha, maana ilimtaka atembee. Aliondoka na kisu kipana na gunia, hasa baada ya mvua magamba yanapolainika, akarudi mchana nywele zimejaa vumbi la kijivu. Mawe ya karibu yakabaki uchi. Akaenda ya mbali zaidi, nayo yakabaki uchi. Mwalimu alimwambia mara moja tu, "Kemi, yale hayaoti kama mchicha," naye akajibu kwamba ziwa hili halijapungukiwa mawe.

Kisha Bibi Maendeleo wa wilaya akafika. Alishika mkeka, akaupindua, akautazama kwenye mwanga, akasema angependa kazi ya Nyamabwe ionekane kwenye maonyesho ya Saba Saba mjini Mwanza. "Ila ndugu zangu," alisema, "kahawia peke yake inapoa machoni. Hamna rangi nyingine ya kuichangamsha?"

Kabla mtu hajafungua mdomo Kemilembe alikuwa amesimama. "Njano ipo," alisema.

Njano ilikuwapo, lakini ya kutosha ilikuwa mahali pamoja tu. Mbele kidogo ya mwalo, ndani ya maji, lilisimama jabali ambalo kilele chake chote kilikuwa njano, na mtu aliweza kulifikia kwa kuruka juu ya mawe madogo. Chini ya maji, kushoto kwake ukitokea ziwani, miamba ilijificha kama meno. Kulia kulikuwa na mlango mwembamba wa kupita mitumbwi. Wavuvi wa dagaa, wanaokesha ziwani na karabai zao na kurudi kunapopambazuka, walitafuta kwanza ile njano, wakaiweka mkono wa kushoto, wakaingia. Waliliita Jiwe la Njano.

Dorotea alilijua hilo vizuri, mume wake akiwa mmoja wao. Alipoona wenzake wameshasisimka alimvuta Kemilembe pembeni.

"Mwanangu, upande wa nchi kavu chukua. Upande wa ziwani usiuguse. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Na kweli alianza na upande wa nchi kavu. Ukaisha upesi kuliko alivyotazamia, na rangi iliyotoka ilikuwa hafifu, ikataka magamba mengi zaidi. Akaingia ubavuni. Alijiambia ubavuni si mbele. Wiki iliyofuata alizunguka kidogo, akajiambia kilele bado kipo. Mnandi walikuwa wakiruka kila alipopanda, wakaenda kutua kwenye majabali ya mbali, na baada ya muda wakaacha kurudi. Dorotea aliona magunia yanavyoongezeka kando ya pipa. Aliyatazama, akainamia ukili wake, hakuuliza. Saba Saba ilikuwa inakaribia.

Ulikuwa wakati wa kiangazi, nyasi zinachomwa nchi nzima, na moshi wake hushuka ziwani alfajiri ukachanganyika na ukungu. Asubuhi hiyo Kemilembe aliamka kabla ya jogoo, akamwacha mumewe usingizini. Lilikuwa limebaki bamba moja tu la njano kwenye kilele, upande wa ziwani, na ukili wa mkeka wa mwisho ulikuwa unangoja. Alipanda, akapiga magoti, akaanza kukwangua. Hakuona hata nchi kavu alikotoka.

Ndipo aliposikia sauti kwenye maji.

"Liko wapi jiwe?" Ilikuwa sauti ya Ngosha.

"Silioni." Huyo alikuwa Maige, mdogo wake. "Lile pale ni jeusi. Silo."

"Basi tumepita. Geuza."

"Tumepitaje, kaka? Mbona mwalo siusikii?"

Kisu kilimdondoka Kemilembe, kikagonga jiwe, kikazama. Alielewa yote kwa pamoja, kama mtu aliyemwagiwa maji. Alisimama akapiga kelele wasije, warudi nyuma, lakini Kiswahili kilimtoroka, akabaki na lugha ya mama yake. "Mugaruke! Mugaruke!" alilia. Rudini, rudini! Wale ndugu wawili hawakujua Kihaya. Walichosikia ni sauti ya mwanamke inayoita kutoka ukunguni, na wanawake wa kununua dagaa huwa mwaloni kila alfajiri wakiwaita wavuvi wao. Wakafurahi.

"Hao hapo," alisema Ngosha. "Piga kasia, ifuate sauti."

Kadiri walivyosogea ndivyo Kemilembe alivyozidi kupiga kelele, na kadiri alivyozidi kupiga kelele ndivyo walivyozidi kusogea. Aliuona mtumbwi unatokeza kwenye ule weupe, karibu kabisa, karabai ikiwa bado inawaka mbele. Kisha mbao zikalia. Mtumbwi ulipanda mwamba, ukainama, wimbi la nyuma likausukuma dhidi ya jabali, na mguu wa Maige ulikuwa katikati.

Ngosha alimshika nduguye kwapani asizame. Kemilembe hakujua kuogelea, lakini alishuka hadi maji yakamfika kifuani, akaling'ang'ania shati la Maige kwa mikono miwili, naye akamtazama usoni bila kumfahamu, akiuliza tena na tena, "Nani alikuwa anatuita? Nani alikuwa anatuita?"

Watu wakaja. Maige alibebwa kwenye kitanda cha kamba hadi barabarani, akapata gari la kumpeleka hospitali. Nyavu na karabai vilikwenda chini ya ziwa na samaki wote.

Mkutano wa kijiji uliitishwa shuleni, darasani kwa Mwalimu Anatory. Wengine walisema ukungu ndio ulioleta balaa. Wengine walisema wavuvi walichoka. Mtu mmoja alisema kikundi cha akina mama kifungwe. Kemilembe alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, na mumewe aliona jinsi miguu yake ilivyokuwa inabadilishana, akajua anapigana nayo ili isitoke nje.

Akapita katikati ya watu hadi mbele.

"Ndugu Mwenyekiti, ukungu haukukwangua jiwe. Ni mimi. Niliambiwa niuache upande wa ziwani, nikaitikia, nikauchukua. Na aliyekuwa anaita ni mimi. Nilikuwa nawaambia warudi, nikasema kwa Kihaya."

Ngosha alikuwa ameketi kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kidevuni. Alisema bila kuinua macho, "Jiwe ningelisamehe. Mimi ni wa ziwani, naweza kupotea hata kukiwa kweupe. Hiyo sauti ndiyo inayonishinda. Naisikia hata sasa."

Hapo Dorotea aliinuka, mkewe huyohuyo. Ile sauti yake ndogo ilikuwa ndogo zaidi siku hiyo. "Magunia niliyaona," alisema. "Nilijua yanatoka wapi. Nilitaka Saba Saba." Akaketi.

Mwenyekiti aliwaamuru akina mama wagharimie mtumbwi mwingine kwa mikeka yao, na mambo ya jiwe wakayaacha, kwa sababu hakuna aliyejua la kulifanya. Walijaribu kulipaka chokaa. Mawimbi yakaifuta. Walijaribu udongo mwekundu, ukachuruzika.

Basi Kemilembe akaanza kwenda mwenyewe. Kila alfajiri alipanda juu ya lile jabali akiwa na kitenge cha rangi kali, akasimama anakipunga mpaka mtumbwi wa mwisho uingie. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa na mimba changa wakati huo na asubuhi zilimtesa, lakini akilala kitandani alihisi mwili wote unamwasha, akaona heri baridi ya ziwa. Mwalimu alimfuata mara kadhaa na koti, akasimama naye. Wavuvi waliingia kwa kitenge hicho. Baadhi walimsalimu. Ngosha, katika mtumbwi mpya, alipita akitazama mbele.

Maige alirudi kutoka hospitali akiwa na magongo. Mguu uliunga vibaya, ukabaki mfupi. Kwa kuwa hakuweza kwenda ziwani, alikaa mwaloni akishona nyavu za wenzake, na kutoka pale alimtazama mwanamke yule juu ya jiwe, siku baada ya siku. Kemilembe aliyahisi macho yake mgongoni. Alikuwa akingoja matusi. Wakati mwingine aliyatamani.

Asubuhi moja, mitumbwi imeshaingia, Maige aliita kutoka nchi kavu.

"Mama Mwalimu! Shuka."

Aliruka juu ya mawe hadi alipo.

"Unafikiri unatusaidia?" Maige aliuliza.

"Nitafanya nini kingine?"

"Angalia kule." Alielekeza gongo moja kwenye majabali ya mbali, ambako mnandi walikuwa wamekaa safu, mabawa wazi wanajianika. "Wale walikuwa wanakaa pale unaposimama wewe. Tangu nikiwa mtoto mdogo naja huku na baba yangu kuvua, walikuwa wanakaa pale. Njano huota walipo wao, kwenye uchafu wao. Hata mtoto anaona. Sasa kila wakitaka kurudi, wanakukuta wewe na kitenge chako."

Kemilembe alianza kukikunja kitenge.

"Ngosha na mimi tutasimika mti hapo pembeni, tufunge bati juu yake. Litatosha kwa sasa. Wewe jiwe hilo liache. Usilipande, usilisafishe, usilifanyie kitu chochote."

"Nikae tu?"

"Ukae tu."

Alirudi nyumbani, akamweleza mumewe huku analia. Anatory alijaribu kumtuliza kwamba hiyo ni habari njema. "Hujui unachosema," alimjibu. "Afadhali wangenichapa."

Miezi ile ndiyo iliyokuwa migumu kuliko yote. Alisuka mikeka ya kulipia mtumbwi, safari hii myeupe, bila rangi, na alijilazimisha kuketi mpaka ukili unamaliza urefu wake. Mara nyingine alijikuta ameshafika mwaloni bila kujua ametoka nyumbani saa ngapi, akasimama kwenye mchanga mahali pa kwanza pa kurukia, akageuka. Mti ulisimikwa. Bati liling'aa jua likichomoza, likakoroma upepo ukivuma, likawaudhi watu wa nyumba za karibu. Mnandi mmoja alirudi juu ya jiwe, akaondoka. Mvua za masika zilipoisha walikuwa wengi, na kilele kikaanza kuwa cheupe kwa kinyesi, weupe tu. Kemilembe alizaa mtoto wa kike. Dorotea alikuja kumkanda kwa maji moto, na hawakuzungumza juu ya mawe hata kidogo. Walizungumza juu ya maziwa na choo cha mtoto.

Mwalimu alipopata uhamisho kwenda Kisesa, Kemilembe alikuwa amefunga mizigo kabla hajamaliza kuambiwa. Juu ya lori aligeuza uso, akaliacha ziwa mgongoni. Alihema kama mtu aliyetolewa kwenye chumba kisicho na dirisha.

Kisesa pako barabarani, malori na mabasi yanapita mchana kutwa, na alikuwa amedhani kelele hizo zitamfaa. Hazikumfaa. Alizoea kusimama kando ya barabara na mtoto mgongoni, na kila gari lililokwenda upande wa Mwanza alilitazama mpaka limepotea. Alipata mtoto wa pili. Aliuza maandazi, akaacha, akalima bustani, akaacha. Mwishowe, mwaka wa nne, alimwambia mumewe, "Nakwenda Nyamabwe nirudi." Anatory hakumwuliza anakwenda kufanya nini. Alimtolea nauli, akabaki na watoto.

Alifika mchana, ziwa limelala. Bati lilikuwa bado mtini, limeshika kutu. Juu ya jiwe walikuwapo mnandi, na ili asiwatishe alitambaa kwa magoti juu ya jabali la jirani, akakinga macho kwa mkono. Alitafuta sana. Kisha akayaona: madoa ya njano, hapa moja, pale matatu, hakuna lililozidi kifungo cha shati. Alibaki akiyatazama mpaka magoti yakafa ganzi. Yasingemwongoza mvuvi yeyote, si mwaka ule wala mwaka uliofuata.

Aliposhuka alimkuta Maige mwaloni, nyavu zimemzunguka. Alikuwa amenenepa kidogo. Mguu mfupi ulikuwa umenyooshwa mbele yake juu ya mchanga.

"Mwangaluka, Maige," alimsalimu kwa Kisukuma, kidogo alichojifunza.

"Mwangaluka ni ya asubuhi. Sasa hivi ni mchana." Hakutabasamu. "Umeyaona?"

"Nimeyaona. Ni madogo."

"Madogo, ndiyo."

Hakumkaribisha kuketi. Alivuta uzi kwa meno, akaukata, akafunga fundo, akatafuta tundu lililofuata. Wavu ulikuwa mrefu, na kila alipouvuta upande wa pili ulikunjamana kwenye mchanga, ikambidi ainuke na gongo kwenda kuunyoosha. Alifanya hivyo mara mbili. Mara ya tatu aliokota ncha yake, akamnyooshea Kemilembe bila kumtazama.

"Shika hapa," alisema. "Usilegeze."

Kemilembe akaushika.